Meza Namba Sita

Asubuhi ya Julai, Mafinga haina haraka ya kupambazuka.
Ukungu umelalia mabati,
malori ya mbao yanapita na taa saa mbili kamili,
na sisi tumevaa sweta mbilimbili chini ya eproni.
Nimepanga vikombe, nimechochea jiko,
nimesema "Kamwene" mara thelathini
na mara thelathini nimeitikiwa.

Ukaja wewe.

Koti la ngozi, kofia ya sufu, funguo za Fuso
ukizibamiza mezani kama mtu anayepiga turufu.
"Ugali, nyama ya kuchemsha, pilipili pembeni. Haraka."
Sikudai salamu. Salamu haimo kwenye orodha ya vyakula,
haina bei.

Nikaleta sahani.
Ukaitazama sahani, ukautazama mkono.
"Binti, kwenu hukufunzwa?
Mimi wa kupewa kwa kushoto? Mkono wa msalani?
Watu wa huku bwana, ndiyo maana..."
Hukumalizia ndiyo maana ya nini.
Meza nne zilizobaki zilimalizia zenyewe,
kila moja kimoyomoyo, macho kwenye chai.

Nilikuwa na majibu saba kifuani.
La kwanza lilikuwa mchuzi wenyewe, na ulikuwa unachemka.
La pili lilimhusu mama yako.
Mengine siyaandiki,
mwanangu ameanza kujua kusoma.

Kule kaunta Mama Luvanda alishafunga daftari la madeni.
Alishavua miwani.
Akivua miwani, mteja si mfalme tena.
Nikamtikisia kichwa: niachie.

Nikautoa mkono wa kulia mfukoni mwa eproni.
Sikuuinua, si bendera.
Niliulaza tu mezani, karibu na kichupa cha chumvi:
kidole gumba huku, cha mwisho kule,
na katikati yao ngozi laini, inayong'aa,
kama njia iliyokanyagwa ikasahauliwa.
Nikasema, kwa sauti ileile ninayotajia bei:
"Huu hauwezi sahani ya moto.
Huo wa kushoto ndio wangu wa kulia."

Msumeno, zamu ya usiku, mbao za mbili kwa sita.
Pengine wewe ndiye uliyezibeba kwenda Dar,
pengine kuna mtu amelala juu ya vidole vyangu
na anaota vizuri.
Hilo sikukuambia. Nimelisema hapa.

Hukusema pole.
Ulisema, "Maji ya kunawa."
Nikaleta birika kwa mkono uleule,
nikakumiminia ya vuguvugu,
kwa kuwa maji baridi mwezi wa saba ni adhabu
na mimi sikuajiriwa uhakimu.

Ulikula vizuri, hilo nikiri.
Matonge ya mtu aliyeamka saa tisa usiku.
Uboho uliufyonza mpaka mfupa ukapiga mluzi.
Kisha simu, kisha utingo anaita nje, gari limeziba njia,
ukasimama,
mchuzi umekufika kwenye kifundo,
ukapapasa mfuko wa koti
na noti ya elfu kumi ikanijia

kwa kushoto.

Uliona. Niliona kwamba umeona.
Noti ilitetemeka kidogo, labda ni upepo wa mlangoni.
Nikaipokea. Kushoto kwa kushoto.
Chenji nilikuhesabia mezani, elfu sita na mia tano,
ukaziacha zile mia tano
au ulizisahau, sijui, sikukukimbilia.

"Mimi ningemmwagia mchuzi," alisema Mama Luvanda.
"Usingemmwagia. Na mimi ningemmwagia,
ungeniandika bei yake humo kwenye daftari."
Akacheka mpaka miwani ikafanya ukungu.

Nje Fuso ilikuwa inarudi nyuma.
Mbao zikapita dirishani, ncha kwa ncha,
bado nyeupe, bado zanuka utomvu,
nikajikuta nazihesabu.
Nilifika arobaini na moja,
mtu wa meza namba mbili akaitisha chai.